Mshipi Kwanza, Ufito Baadaye

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaotaka kuanza uvuvi wa nzi, yaani kuvua kwa nzi bandia, hapa Kenya ni ufito gani wanunue. Wanataka kujua urefu, chapa, bei, na kama wa vipande vinne ni bora kuliko wa vipande viwili. Jibu langu ni lilelile: niambie kwanza utavua maji gani, halafu tuchague mshipi, na ufito utaufuata mshipi. Wengine hudhani nawazungusha. Siwazungushi hata kidogo. Katika uvuvi huu kazi kubwa inafanywa na mshipi, na mtu aliyeuelewa mshipi wake atavua vizuri hata kwa ufito wa bei ya chini.

Sababu utaiona ukimtazama mtu wa Malindi au wa Homa Bay anavyovua kwa mkono. Anafunga ndoana, anafunga chubwi, anazungusha na kuachia. Chubwi linatangulia, uzi unafuata. Uzito uko mwisho wa uzi, na uzi wenyewe ni abiria tu. Sasa chukua nzi bandia: manyoya ya jogoo, nyuzi chache na ndoana ndogo. Ukimfunga kwenye uzi wa kawaida wa naironi na kumtupa, ataanguka miguuni pako. Hana uzito wa kubeba chochote. Kwa hiyo watu wa uvuvi huu waliuhamisha uzito kutoka mwisho wa uzi wakauweka ndani ya mshipi, mshipi mnene uliopakwa plastiki, wenye urefu wa mita 25 hadi 30. Unachotupa ni mshipi. Ufito unapinda kwa uzito wa mshipi, unajinyoosha na kuusukuma mbele, na mshipi unajikunjua hewani kama mjeledi wa mchungaji, kutoka sehemu nene kwenda nyembamba, hadi nzi anageuka mwishoni na kutua majini.

Nzi wengi wanaotumiwa na wavuvi wa Ulaya na Marekani hufungwa hapahapa Kenya, kwenye karakana za Nairobi na kwingineko, na mikono inayowafunga mingi ni ya akina mama. Kwa ufundi wa kufunga nzi hatuhitaji kufundishwa na mtu. Elimu ya mshipi ndiyo haijatufikia vizuri, na ndiyo maana naandika.

Anza na boksi. Juu yake utakuta maandishi kama WF5F au DT4F. Herufi za mbele zinaeleza umbo la mshipi, namba inaeleza uzito, na herufi ya mwisho inaeleza kama mshipi unaelea (F) au unazama (S). Namba ndiyo yenye historia ndefu, tena ndiyo inayowachanganya watu, kwa hiyo nitaanza nayo.

Mlowezi Ewart Grogan alipoleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wale wakatiwa katika mto Gura mwaka 1905, mishipi ya wakati huo ilikuwa ya hariri iliyosokotwa na kulowekwa mafuta. Ilibidi ipakwe mafuta ndipo ielee, na jioni ifunguliwe kwenye gurudumu inamozungushwa na kuanikwa, la sivyo hariri ingeoza. Unene wake ulitajwa kwa herufi. Mshipi ulioitwa HDH ulikuwa mwembamba ncha zote mbili na mnene katikati. HCH ulikuwa mzito kidogo zaidi. Mfumo huo ulifaa kwa sababu kila mtu alitumia hariri: ukijua unene, umejua na uzito. Katika miaka ya 1950 zikaja plastiki. Kampuni kama Cortland na Scientific Anglers za Marekani zilianza kutengeneza mishipi yenye kiini cha naironi kilichovikwa plastiki, na ghafla mishipi miwili yenye unene mmoja ikawa na uzito tofauti kabisa. Herufi zikakosa maana.

Hapo ndipo watengenezaji wa Marekani, kupitia chama chao kilichojulikana kwa kifupi kama AFTMA, walipokubaliana kupima uzito badala ya unene. Kipimo chao, ambacho kimekuwa kikitumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni uzito wa futi 30 za mbele za mshipi, yaani mita 9.14. Wao huhesabu kwa greni, na greni moja ni kama gramu 0.065. Mshipi namba 3 una greni 100, karibu gramu 6.5. Namba 4 una gramu 7.8, namba 5 gramu 9.1, namba 6 gramu 10.4, namba 8 gramu 13.6, na namba 12 unapita gramu 24. Ufito nao huandikwa namba ya mshipi unaoufaa. Ufito wa 5, mshipi wa 5. Watu wengi huishia hapo, na kwa mito mingi ya dunia wanaweza kuishia hapo.

Kwa mito yetu ya mlimani hesabu hiyo haitoshi. Twende Thego, Burguret au Naro Moru, mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, au Chania ya juu kule Aberdare. Maji ni membamba, msitu umeinama juu yake, mianzi iko nyuma yako na tawi liko juu ya kichwa. Huna nafasi ya kutoa mita 9 za mshipi. Mara nyingi unatupa mita 5 au 6 kutoka ncha ya ufito, na samaki yuko palepale nyuma ya jiwe. Kumbuka kwamba namba kwenye boksi ilipimwa kwa mita 9.14. Ukitoa mita 6 za mshipi namba 4, hata kama uzito ungegawanyika sawasawa kwa urefu wote, ungekuwa na gramu 5 na kitu. Huo ni uzito wa mshipi namba 2. Na haugawanyiki sawasawa: sehemu ya mbele ndiyo nyembamba kuliko zote, kwa hiyo uzito halisi ni mdogo zaidi ya hapo. Ufito wako wa namba 4 hauhisi kitu. Haupindi, hausukumi, na mshipi unaanguka majini ukiwa umejikunjakunja. Mtu anarudi nyumbani akilaumu mkono wake.

Dawa yake ni mojawapo ya hizi mbili. Ya kwanza ni kutumia ufito laini, unaopinda kwa urahisi tangu ncha hadi katikati, kwa sababu huo unaamshwa na uzito mdogo. Ya pili ni kupanda namba moja: ufito wa 4 uvae mshipi wa 5. Kwenye mto mpana hilo lingekuwa kosa, lakini chini ya miti, kwa mita 6, ndilo linalofanya ufito ufanye kazi iliyoandikwa ubavuni mwake.

Kabla hujapanda namba, soma greni kwenye boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Siku hizi mishipi mingi inayouzwa kama namba 5 ni mizito kuliko kipimo cha AFTMA kwa nusu namba, na mingine kwa namba nzima. Watengenezaji wanafanya hivyo kwa sababu fito za kisasa ni ngumu, na mshipi mzito humfanya mnunuzi auhisi ufito upesi. Siwalaumu sana, lakini wangeandika wazi. Mshipi wenye greni 160 katika futi 30 ni namba 6, hata boksi liseme nini. Ukichukua mshipi wa aina hiyo halafu ukapanda namba moja juu yake, umepanda mbili bila kujua, na kwenye kidimbwi kilichotulia utauona ukitua kwa kishindo na trauti wote wakitawanyika.

Sasa umbo. Ziko aina mbili ambazo mtu wa kawaida atakutana nazo. DT ni mshipi wenye tumbo nene katikati na ncha mbili nyembamba zinazofanana. WF ni mshipi ambao uzito wake umerundikwa mbele, katika kile kiitwacho kichwa, mita 9 hadi 12 hivi kwa mishipi mingi, na baada ya hapo unafuata mkia mwembamba hadi mwisho. Ukitupa WF, kichwa kikishatoka nje ya pete za ufito kinauvuta mkia mwembamba nyuma yake kwa urahisi, na mshipi unakwenda mbali. DT hauendi mbali hivyo, maana sehemu inayofuata ni nene na inasuguana na pete.

Wauzaji karibu wote watakupa WF. Ni mshipi mzuri, na kwa ziwani au baharini ndio ninaoutumia. Kwa mito ya trauti hapa kwetu mimi nachagua DT, na nina sababu mbili. Moja ni kutupa kwa kuviringisha. Mahali ambapo nyuma yako kuna ukuta wa mianzi huwezi kuurusha mshipi nyuma, kwa hiyo unauburuta taratibu juu ya maji hadi unaning'inia kando ya bega lako, kisha unausukuma mbele na unajiviringisha juu ya maji hadi mwisho. Mrusho huo unahitaji mshipi mnene karibu na ncha ya ufito, ili nguvu ya mkono ifike mbele. DT una unene huo popote ulipo. WF unao mpaka kichwa kinapokwisha tu; mkia mwembamba ukishatoka kwenye ncha ya ufito, unasukuma na hakuna kinachosogea. Nikiwa mkweli, ndani ya mita 9 tofauti hiyo huioni, kwani sehemu za mbele za mishipi hii miwili hufanana sana. Sababu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kwangu: DT hugeuzwa. Ncha ya mbele ikichakaa na kupasuka, unaufungua wote, unaugeuza, na una mshipi mpya. Katika nchi ambako mshipi mzuri mara nyingi unasubiri jamaa anayerudi kutoka Uingereza au Marekani, kupata mishipi miwili kwa bei ya mmoja ni jambo kubwa.

Yapo na maumbo mengine. Mmarekani Lee Wulff alibuni mshipi unaozidi kunenepa polepole kwa sehemu yote ya mbele, ukiitwa wa pembetatu, ambao unatua kwa upole na bado unaviringishwa vizuri. Wapo pia wanaotumia kichwa kifupi kizito kilichofungwa kwenye uzi mwembamba, kwa ajili ya kutupa mbali sana kwenye mito mikubwa. Huna haja nacho Nyeri.

Jambo moja la umbo ambalo boksi halilisemi kwa sauti ni urefu wa ile sehemu ya mbele inayopungua unene. Ikiwa ndefu, nguvu inakwisha taratibu njiani na nzi anatua polepole, jambo unalotaka kwa nzi mdogo mkavu, yaani wa kuelea, juu ya maji tulivu. Ikiwa fupi, nguvu inafika mwisho ikiwa bado kali, na inaweza kumgeuza nzi mkubwa aliyefungwa shanga ya shaba au manyoya marefu. Ukivua Gura wakati maji yamepanda kidogo na unatumia nzi mweusi mzito wa kuzamisha, sehemu fupi itakusaidia. Ukivua vidimbwi vya juu wakati wa kiangazi, maji yakiwa angavu kama hayapo, tafuta ndefu.

Kuelea na kuzama. Kwa mtoni, nunua unaoelea, na usifikirie kingine kwa muda mrefu. Mishipi hii huelea kwa sababu ndani ya plastiki yake kuna vipovu vidogo sana vya kioo vyenye uwazi katikati, ambavyo huufanya mshipi kuwa mwepesi kuliko maji. Mshipi unaoelea unauona, na ukiuona unajua nzi yuko wapi. Unaweza kuunyanyua majini kwa mkono mmoja. Muhimu kuliko yote, unaweza kuuhamisha. Mkondo wa katikati ya mto una kasi kuliko maji ya kando, kwa hiyo mshipi uliolala juu ya mkondo unavutwa na kumburuta nzi kwa namna ambayo mdudu halisi hasafiri, na trauti anamkataa. Mvuvi anaunyanyua mshipi na kuulaza upande wa juu wa mkondo, nzi anapata sekunde chache za uhuru, na katika sekunde hizo ndipo samaki anapopanda. Mshipi uliozama hauwezi kufanyiwa hivyo. Na kama samaki wako chini, kwenye maji ya kina cha mita moja huhitaji mshipi unaozama. Nzi mwenye shanga na uzi wa mbele mrefu, ule mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, vitafika.

Maziwa ya mlimani ni habari nyingine. Rutundu na Alice, kwenye nyika ya Mlima Kenya juu ya mstari wa msitu, yana trauti wa upinde wa mvua, na jua la mchana likiwa kali samaki huteremka. Huko ndiko mshipi unaozama polepole unapoonyesha thamani yake. Kwenye boksi utaandikwa I. Unashuka sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde. Ukitaka kufika mita 2 kwa mshipi wa sentimita 4 kwa sekunde, unahesabu hadi 50 kimoyomoyo kabla hujaanza kuvuta. Mshipi unaozama haraka, ule wa daraja la 3, unashuka kama sentimita 8, kwa hiyo hesabu hadi 25. Hesabu hiyo ndiyo uvuvi wenyewe ziwani: ukipata samaki ukiwa umehesabu 30, mrusho unaofuata hesabu 30 tena, kwa maana umegundua tabaka wanamokaa. Mvuvi asiyehesabu anaanza upya kila mrusho.

Mshipi wa I una faida nyingine ambayo sisikii ikitajwa sana. Juu kule upepo hauna kizuizi. Mshipi unaoelea unasukumwa na mawimbi hadi unakuwa upinde mkubwa kati yako na nzi, na samaki akigusa huhisi kitu. Mshipi wa I unaingia chini ya ngozi ya maji, sentimita chache tu, na unanyooka. Kama ningeruhusiwa kubeba mshipi mmoja tu kwenda Rutundu, ningebeba huo.

Ile mishipi mizito zaidi, ya daraja la 5 hadi 7, huwekwa unga wa tangsteni ndani ya plastiki na hushuka upesi sana. Inahitaji heshima. Usijaribu kuinyanyua kutoka kina kwa nguvu ya ufito, kwa kuwa ufito utavunjika. Vuta mshipi kwa mkono hadi ubakie mfupi, uviringishe juu ya maji, halafu ndipo utupe. Kati ya hii na unaoelea kuna mshipi wa mchanganyiko, ulioandikwa F/S, wenye ncha ya kuzama na mwili wa kuelea. Unafaa mahali penye kidimbwi kirefu chini ya maporomoko.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwa Afrika Mashariki lina uzito kuliko umbo na namba, nalo ni joto. Mshipi ni plastiki, na plastiki husikia hali ya hewa. Mshipi wa maji baridi hutengenezwa laini, kwa kiini cha naironi kilichosukwa, ili usijikunje kwenye baridi. Uupeleke Watamu saa saba mchana, uulaze juu ya sakafu ya boti iliyochomwa na jua, nao utalegea, utanata kwenye pete na kukataa kupita. Mshipi wa tropiki ni kinyume chake. Kiini chake mara nyingi ni uzi mmoja mgumu, plastiki yake ni ngumu, na kwenye joto unakuwa sawasawa. Uupeleke Rutundu alfajiri, nyasi zikiwa na jalidi, na utatoka kwenye gurudumu umejikunja mizunguko mizunguko usionyooka hata ukiuvuta kwa mikono miwili.

Muuzaji wa nje akisikia neno Kenya, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye jua na ikweta, na anakuuzia mshipi wa tropiki. Hana nia mbaya. Hajui kwamba trauti wetu wanaishi kwa sababu mito ile ni baridi, na kwamba katika nchi hii hii moja una maji yanayouma vidole na maji yaliyo vuguvugu. Kwa Aberdare na Mlima Kenya agiza mshipi wa maji baridi. Kwa pwani na mito ya nyanda za chini agiza wa tropiki. Hakuna mmoja unaofanya kazi zote mbili vizuri, na anayekuambia upo anakupotosha.

Nyanda za chini zina ulimwengu wake, nami nitaugusa kwa ufupi. Katika mito ya Mnyera na Ruhudji ya Tanzania, inayolisha bonde la Kilombero na hatimaye Rufiji, kuna samaki wa jamii ya Hydrocynus, wenye meno yaliyo nje ya mdomo na nguvu ya kutisha, ambao huwavuta wavuvi wa nzi kutoka mbali. Kwao unataka mshipi namba 8 au 9, wa tropiki, wenye sehemu fupi ya mbele ili uweze kugeuza nzi mkubwa pamoja na kipande cha waya. Beba unaoelea na unaozama, kwani mito hiyo ina maji mafupi ya mchanga na mashimo marefu chini ya magogo. Chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, mto Nile unabeba sangara wakubwa, na huko bila mshipi mzito unaozama nzi wako atapita juu ya vichwa vyao.

Baharini, Watamu na Malindi, kuna sulisuli. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kufikiri kwamba wanahitaji mshipi wa kutupa mbali. Nahodha anaburuta vivutio visivyo na ndoana, sulisuli anavifuata akiwa amewaka rangi, vivutio vinavutwa hadi karibu na tezi, boti inasimamishwa na nzi anatupwa umbali mfupi tu. Unachohitaji ni mshipi namba 12 wenye kiini imara. Kiini cha mshipi wa kawaida hukatika kwa uzito wa kilo 9 hadi 14 hivi. Kwa sulisuli tafuta wenye nguvu zaidi ya hapo, kwa sababu ukifunga uzi wa mbele ulio imara kuliko kiini, kitakachokatika ni mshipi wako wote. Na nyuma yake weka uzi wa akiba wa mamia ya mita. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, lakini hasira za sulisuli ni furaha ya mvuvi mwenye uzi wa kutosha. Kwa Gura, mita 50 za uzi wa akiba zinatosha, na kazi yake kubwa ni kujaza gurudumu ili mshipi ukae kwa mizunguko mipana usijikunje.

Rangi haina haja ya mjadala mrefu. Samaki anashtushwa na kivuli cha mshipi na kishindo chake kuliko rangi, na uzi wa mbele wa mita 3 humweka mbali na vyote. Anayeanza achukue rangi ya kung'aa ili auone. Mimi kwenye maji angavu napendelea kijani kilichofifia.

Basi mtu wa Nyeri, Murang'a au Kirinyaga anayeanza leo, anayekusudia kuvua mito midogo ya trauti, anunue nini? DT4F wa maji baridi juu ya ufito laini wa namba 4, au DT5F kama ufito wake ni mgumu. Kama hapati DT, WF5F wenye greni zisizozidi sana 140. Mshipi wa kuridhisha utaupata kwa chini ya dola 50, na ile ya zaidi ya dola 100 inakupa ulaini na muda mrefu zaidi wa matumizi. Mto wenyewe haujui tofauti. Kama fedha ni za kugawanya, punguza kwenye ufito, punguza zaidi kwenye gurudumu, ambalo kwa trauti mdogo ni ghala la mshipi tu. Ziwa likikuita baadaye, ongeza mshipi wa I wa namba hiyohiyo, na ufito ule ule utautumikia.

Ukiupata, utunze. Adui wa mshipi ni dawa ya mbu, mafuta ya kujikinga na jua, petroli na dirisha la gari lililofungwa juani. Dawa nyingi za mbu hula plastiki. Paka, kisha nawa viganja kabla hujagusa mshipi. Uchafu wa mto hushika juu ya plastiki na kuuzamisha ncha, na watu hudhani mshipi umekufa kumbe umechafuka. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kunawia mikono, uupitishe kwenye kitambaa safi, uukaushe kivulini. Ukitoka baharini suuza chumvi siku hiyohiyo. Kabla ya mrusho wa kwanza asubuhi, unyooshe taratibu kwa mikono, mita kwa mita, uondoe kumbukumbu ya gurudumu. Ukikanyagwa kwenye mawe na kupasuka, maji yataingia kwenye kiini na ncha itazama. Geuza kama ni DT. Ukichakaa kabisa, usiuache mtoni hata kipande. Fisi maji wanaishi kwenye mito ile, na ndege hutumia chochote kirefu kujengea viota.

Mwisho, weka alama. Mishipi ikishatolewa kwenye maboksi hufanana, na baada ya msimu mmoja hutakumbuka upi ni 4 na upi ni 5. Chukua kalamu ya wino usiofutika, na karibu na ncha ya mbele chora mistari: mstari mrefu ni 5, mfupi ni 1. Mshipi wa 4 unapata mifupi minne. Wa 5 unapata mrefu mmoja. Wa 6, mrefu na mfupi. Wa 8, mrefu na mifupi mitatu. Kwa DT chora ncha zote mbili, na upande ulioanza kuutumia ongeza nukta moja, ili siku ya kuugeuza ujue upande upi bado ni mpya.